Namna ya kuendesha meza ya D&D ambayo watu wa kila aina wanarudi Jumamosi ijayo

Nimeendesha meza ya D&D (Dungeons and Dragons, gemu ya kujenga hadithi pamoja kwa dadu) hapa Columbus, Ohio kwa miaka sita sasa, tunacheza kwa Kiswahili, na wanaokaa pale ni Watanzania, Wakenya, Wakongo na dada mmoja Mmarekani mweusi aliyesoma Kiswahili chuoni. Watu wananiuliza sana, wengine wako Dar na Nairobi wengine huku huku ughaibuni, kwamba unafanyaje mpaka watu tofauti hivo wanakaa pamoja masaa manne na wiki ijayo wanarudi. Sasa naandika yote hapa, ni ndefu, vumilieni.

Kwa ambaye hajawahi kucheza ni hivi: mnakaa watu watano sita, mmoja ndo DM yani mwendesha hadithi, wengine kila mtu ana karakta wake, DM anasema mmefika mtoni, maji yamejaa, daraja limekatika, mnafanyaje, wewe unasema karakta wako anafanya nini, unarusha dadu la pande 20 na namba ndo inaamua umevuka au maji yamekuchukua. Basi. Hakuna anayeshinda, mnajenga hadithi pamoja. Na kwa kuwa karibu kila kitu kinapita mdomoni mwa DM, DM ndo anaamua nani ajisikie yuko kwao na nani ajisikie mgeni, hata kama hajui kwamba anaamua.

Mimi nilijua kwa njia mbaya. Mwaka wa kwanza niliweka goblini kwenye hadithi, vile vijitu vidogo vya pangoni vyenye akili kidogo na roho mbaya, nikataka vichekeshe, nikavipa sauti. Nikaviongelesha Kiswahili cha Kongo, "batu", "bintu", na ile mivuto yake. Meza nzima ikacheka, na kaka mmoja wa Uvira akacheka pia. Jumamosi iliyofuata hakuja. Na ile nyingine hakuja. Nikampigia simu, akazunguka zunguka na habari za kazi, mwisho akaniambia, "Kaka, ile goblini ilikuwa inasema sawa mimi." Nilikosa la kujibu. Mtu amekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, amechekwa Kiswahili chake na Watanzania tangu mdogo, amevuka bahari, huku nako anakuta Mtanzania mwingine kachukua lafudhi yake kaiweka mdomoni mwa zimwi pumbavu.

Ndo nikaelewa vizuri kilio cha watu weusi wa huku kuhusu gemu hii. D&D ilitoka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson ndo walioitengeneza, na waliocheza mwanzoni wengi walikuwa wanaume wazungu wapenzi wa gemu za vita, sasa mawazo yao yakaingia mpaka kwenye sheria. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kiliweka kikomo cha nguvu za mwili, karakta wa kike kikomo chake kidogo kuliko cha kiume, kwenye gemu ambayo mtu anarusha moto kwa vidole! Orki, viumbe wa kivita wa kwenye gemu, waliandikwa kama kabila zima lililozaliwa baya, na wale wanaoitwa drow, wenye ngozi nyeusi, hivohivo. Juni 2020 Wizards of the Coast, kampuni inayomiliki gemu, ilitoa tamko ikakiri kwamba hao wawili walielezwa kwa maneno yanayofanana na yale yanayotumika kudhalilisha watu wa kweli, ikaahidi kubadilisha. Na kweli vitu vimebadilika, kitabu cha 2024 kimeacha lile neno la Kiingereza la mbari, "race", kikaweka spishi, na pointi za uwezo siku hizi zinatoka kwenye maisha karakta aliyoishi, hazitoki tena kwenye damu yake. Ila hapo katikati, 2022, wakateleza tena, wakatoa viumbe wa aina ya nyani waitwao hadozee wakawaandikia historia ya kutekwa utumwani na kukombolewa na wengine, watu wakapiga kelele, kampuni ikaomba radhi na kuifuta ile sehemu. Hao wana wahariri na pesa. Sisi tuna daftari na pilau, kwa hiyo tunahitaji utaratibu.

Kabla hata dadu hazijatoka

Anza na hela. Kitabu kimoja cha D&D huku ni karibu dola 50 na seti inayosemwa ina vitabu vitatu, ukimwambia mtu mwenye shifti ya usiku kwenye ghala kwamba anunue ndo acheze umeshamfungia mlango. Na hailazimu. Tangu Januari 2023 sheria za msingi ziko bure kabisa kisheria, chini ya leseni ya Creative Commons, unapakua, unachapisha, unatafsiri ukitaka. Dadu ziko za bure kwenye simu. Mimi nina seti nne za dadu kwenye kopo la Blue Band katikati ya meza na hakuna mwenye dadu lake binafsi, nilifanya hivo baada ya kuona vijana wawili wanaringishiana dadu za chuma na wengine wanaficha simu zao chini ya meza.

Alaf mahali. Mwanzoni nilichezesha nyumbani kwangu, chini, beizimenti, na nilishangaa kwa nini kina dada hawaji. Dada mmoja akaniambia waziwazi: hawezi kwenda beizimenti ya mwanaume asiyemfahamu saa mbili usiku, na hana haja ya kunielezea kwa nini. Tukahamia chumba cha maktaba ya umma, bure, kuna taa, kuna watu, kuna lifti kwa asiyeweza ngazi, na basi linasimama mlangoni. Wiki mbili baadaye wakaja watatu. Sikubadilisha neno hata moja kwenye hadithi. Tena nenda ukapaone mwenyewe kabla hujamwalika mtu wa kiti cha magurudumu, mlango wa choo upime, usiamini kibandiko kinachosema panafikika.

Muda na chakula nako muhimu. Mezani kwangu kuna Waislamu na Wakristo, mwezi wa Ramadhani tunaanza baada ya futari na tunacheza kifupi, masaa mawili tu. Pizza ya nguruwe haiingii, pombe haiingii, na sikusubiri mtu alalamike, mana anayelalamika ndo anaonekana msumbufu wakati kosa ni la mwenye meza.

Sesheni sifuri

Hapa ndo pana kazi yenyewe. Sesheni sifuri ni kikao cha kwanza ambacho hamchezi, mnaongea tu gemu itakuwa ya namna gani. Wenzetu wana vifaa vizuri na vinajulikana. Kuna mistari na mapazia, jambo la mtunzi wa gemu Ron Edwards: mstari ni kitu ambacho hakitatokea kabisa kwenye hadithi yenu, pazia ni kitu ambacho kinaweza kutokea ila hakionyeshwi, mnaruka. Hili la pazia Waswahili wanalidaka haraka sana, kila nyumba ina pazia mlangoni na kila mtu anajua cha nyuma yake hakiulizwi. Kuna pia kadi ya X, ya John Stavropoulos, ya tangu 2013, ni kadi tu yenye X katikati ya meza, kitu kikikukera unaigusa, DM anabadilisha pale pale na hakuna anayekuuliza sababu.

Sasa nisikilizeni kwa makini kwenye hii kadi. Kwetu haikufanya kazi. Miezi minne hakuna aliyeigusa, nikajisifu kwamba meza yangu iko salama, kumbe na ile Jumamosi ya goblini kadi ilikuwa palepale mezani. Mtu aliyelelewa kwa adabu zetu kugusa kadi mbele za watu ni sawa na kumwambia mwenye nyumba chakula chako kibovu, hawezi, atameza, atacheka, alaf hatarudi. Nikabadilisha vitu viwili. Cha kwanza, maswali ya mistari na mapazia nayatuma kwa meseji, mtu mmoja mmoja, siku tatu kabla, wanajibu kwangu tu, mimi nasoma orodha mezani bila majina. Utashangaa yanayokuja, vitu ambavyo mtu asingevitamka mbele ya wenzake hata kwa kulipwa. Cha pili, DM mwenyewe aiguse kadi kwanza. Kila kampeni mpya, yani hadithi ndefu ya sesheni nyingi, ndani ya nusu saa ya kwanza, naigusa mimi, kwa kitu nilichokisema mimi: "hapo hapana, narudi nyuma, yule mzee hakufa." Wakiona mwenye meza kajikosoa na hakuna aliyekufa kwa aibu, wanaanza. Cha tatu kilikuja chenyewe, wengine wanagonga meza mara mbili badala ya kugusa kadi, nikasema hewala, tugonge.

Na usiulize kijumla jumla "kuna kitu hutaki?" mana jibu litakuwa hakuna shida. Uliza kwa vitu. Vita na kuchoma vijiji je? Vizuizi vya barabarani vya wanajeshi? Kubakwa? Watoto kufa? Njaa? Utumwa? Nyoka? Mimi sikuwa nimefikiria kabisa kwamba hadithi ya kawaida kuliko zote kwenye D&D, ile ya "nendeni kijiji cha goblini mkakisafishe", kwa mtu wa Kivu ni kitu alichokiona kikipita kwao. Meza nyingi huku inapigwa kama mazoezi ya wanaoanza! Sisi tumeifuta. Goblini wangu wana watoto, wana mbuzi, wana mgogoro wa kisima na kijiji cha jirani, na mkiwapiga mnalipa fidia kwa baraza la wazee. Imekuwa hadithi nzuri zaidi, nasema kweli, tulitumia sesheni tatu kwenye hicho kisima.

Utumwa tumeuweka kwenye mstari moja kwa moja kama pambo la hadithi. Sisi wa pwani tuna soko la Zanzibar lililofungwa 1873, yule dada Mmarekani ana babu zake kwenye mashamba ya pamba, wote tumekaa meza moja, siwezi kumtaja mfanyabiashara wa watumwa ili tu muwe na mtu wa kumpiga. Kama siku moja wachezaji wenyewe wakitaka hadithi hiyo na wakae wazungumze, sawa.

Uchawi, dini, na ualbino

Huku Marekani miaka ya 80 kulikuwa na hofu kubwa kwamba D&D ni ya shetani, na mpaka leo mama zetu wakisikia mtoto anacheza kitu chenye mapepo na uchawi wanaitisha maombi. Nawaomba msiwacheke. Kwetu uchawi ni neno zito, kuna watu wamepoteza ndugu kwa kutuhumiwa tu, huwezi kulirusha mezani kama Mzungu anavolirusha. Mimi nimebadilisha maneno: karakta wanaorusha moto wanaitwa wenye elimu, nguvu yao inaitwa elimu, na neno mchawi halitumiki kabisa mezani kwangu. Miungu ya kitabuni nayo, kuna kaka Mwislamu aliniambia hawezi kutamka sala kwa mungu wa kubuni hata kwa mchezo, na kuna mlokole mmoja naye hivohivo, basi mponyaji kwenye gemu yetu anaponya kwa dawa na kwa kujifunza kwa bibi yake, namba zile zile, sheria zile zile, haikuharibika kitu.

Na hili sibishani na mtu: hakuna viungo vya mwili kama dawa, na hakuna kiumbe wa ajabu mwenye ualbino. Vitabu vingi vya fantasia vinapenda yule mtu mweupe kupita kiasi mwenye macho mekundu kuwa mbaya au mwenye nguvu za siri. Tanzania watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani hiyo hiyo. Ukikuta kwenye hadithi uliyoinunua, futa, andika mwingine.

Lugha

Ukiendesha kwa Kiswahili amua mapema kwamba Kiswahili cha kila mtu ni sahihi. Mkenya aseme vyake, wa Lubumbashi vyake, wa Unguja vyake. Hakuna kumsahihisha mtu ngeli katikati ya hadithi, hata kwa upendo, mimi mtu wa Tanga nilikuwa mgonjwa wa hilo. Lafudhi ya watu waliopo au wasiopo usiipe kiumbe mjinga, usimpe mwizi, usimpe askari wa rushwa. Ukitaka kutofautisha sauti tumia mwendo: huyu anaongea polepole, huyu anarudia neno la mwisho, huyu ananong'ona. Inatosha kabisa.

Karatasi ya karakta itafsiri. Wakongo wengi shule yao ilikuwa Kifaransa, ile karatasi ya Kiingereza inawafanya wakae kama wanafunzi wa nyuma ya darasa. Nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara, mvuto, zile sita zimekaa vizuri tu. Saa moja ya kazi.

Umri na shikamoo

Hili sijaliona limeandikwa na DM yeyote wa Kimarekani na kwetu ndo tatizo namba moja. Mkiwa na mzee wa miaka 55 mezani, hata awe mpole namna gani, vijana hawatampinga. Akisema twende kushoto mnaenda kushoto. Anayemwamkia shikamoo mlangoni hawezi dakika kumi baadaye kumwambia mpango wako mbovu. Nilichofanya: salamu zote, shikamoo zote, zinaisha kabla hatujakaa, tukikaa tunaitana majina ya karakta tu, na nikampa yule mzee karakta kijana mwanafunzi, na binti mdogo kuliko wote akawa nahodha wa meli. Niliwaomba ruhusa wote kwanza. Mzee alifurahi mno, akaniambia hajawahi kupumzika kuwa mzee. Na nje ya mapigano pia natumia zamu, nazungusha kuanzia kwa aliyeongea mwisho wiki iliyopita, mana bila zamu wanaume wawili wanabeba hadithi nzima.

Jinsia

Kiswahili kimetupa zawadi hapa. Meza za Kiingereza inabidi waulizane utaitwa nani, wa kike au wa kiume au wengineo, sisi "anakimbia" ni anakimbia, unaweza kucheza mwezi mzima hujasema karakta wako ni nani. Ila yanayokuja nyuma ndo yanasema, kaka, dada, mama, bibi, kwa hiyo uliza kila mmoja karakta wake aitwe nani, kisha mwite hivo. Mapenzi ya ndani ya hadithi tumeweka kanuni, hakuna karakta anayemtongoza karakta wa mwenzake bila kuulizana nje ya hadithi kwanza, na mimi kama DM sitongozi karakta wa mtu kabisa. Tangu tuiweke, hakuna dada aliyeondoka kwa sababu hiyo.

Ulemavu

Mfupi hapa, mana cha msingi ni kumuuliza mtu mwenyewe. Asiyeona vizuri, mtumie karatasi ya karakta kwenye simu ili isomwe kwa sauti, na ukiweka ramani ieleze kwa maneno, wote watafaidika. Anayechoka, mapumziko kila dakika 50. Anayetaka karakta mwenye ulemavu kama wake asiambiwe "si wakuponye tu kwa elimu." 2020 Sara Thompson alitoa bure sheria za kiti cha magurudumu cha kivita kwa D&D, kinapanda ngazi, kinapigana, kijana wetu mmoja anakitumia na jinsi anavyoingia nacho kwenye mapango hakuna anayetaka abadilishe. Na asiyetaka karakta wake awe hivo naye muacheni, anaweza kuwa anakuja ili kwenye hadithi apate kukimbia.

Ukikosea

Utakosea. Piga simu, usitume meseji, na usisubiri wiki mbili kama mimi. Usianze na "sikuwa na nia mbaya", anza na kitu chenyewe: nilivipa vile viumbe sauti yako, nimekukosea, naviondoa. Usimwombe akufariji. Usimtake arudi siku hiyohiyo. Muulize kama anataka uliseme mezani au liishe kati yenu. Yule kaka wa Uvira alitaka niliseme mbele ya wote, nikasema, na Watanzania wengine wawili wakainamisha vichwa mana na wao walikuwa na utani huo huo kila siku kwenye grupu la WhatsApp. Alikuja Jumamosi ya nne, akakaa upande wa mlango, karibu na koti lake. Ilichukua kama miezi miwili mpaka akahamia kiti cha katikati.

Mwisho wa kila sesheni nabakiza dakika kumi, kila mtu anasema kitu kimoja alichokipenda leo na kimoja anachokitamani wiki ijayo, alaf tunagawana magari, asiye na gari haondoki na basi la usiku peke yake.